Seli shina na jeraha la uti wa mgongo: maswali tunayoulizwa kila wiki

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, yule ambaye wodini wanamwita "daktari wa mazoezi" ingawa si daktari. Swali la seli shina hunifikia karibu kila wiki, aghalabu kwa WhatsApp, aghalabu usiku, na huja na video: mtu ameshikiliwa kiunoni, anapiga hatua tatu kati ya vyuma viwili, watu wanapiga makofi. Chini yake ndugu ameandika, "Kaka, hii ni kweli?" Hapa nimekusanya majibu ambayo nimechoka kuyachapa upya. Mengi yanahusu utafiti wa mwanzo, ule ulioanza kwa binadamu Marekani mwaka 2010, kwa sababu matangazo mengi ya leo yanauegemea bila kusema ulikuwa unatafuta nini.

Uti wa mgongo ni mfupa au ni mshipa?

Hapa Kiswahili kimetuponza kidogo. Tunasema "uti wa mgongo" kwa pingili za mifupa, tunasema hivyo hivyo kwa kamba ya fahamu iliyomo ndani yake, na mtoto akipata homa ya utando wa ubongo tunasema "ana uti wa mgongo". Ukiandika UTI kwa herufi kubwa umehamia kwenye ugonjwa wa njia ya mkojo, ambao nao huwaandama sana hawa hawa waliopooza. Nimewahi kuona familia nzima ikibishana na nesi kwa nusu saa, kila mmoja akizungumzia uti wake.

Kwa hiyo hapa nitaiita kamba ile ugwe wa mgongo. Aliyewahi kukatakata mgongo wa mbuzi ameuona: uzi mweupe, laini, unaochomoka katikati ya pingili. Wa mtu mzima una urefu wa sentimita 45 hivi na unene wa kidole cha mwisho. Pingili inaweza kuvunjika na ugwe ukabaki mzima, mtu akatembea. Na picha ya mfupa inaweza kuonekana nzuri, fundi kafunga vyuma vyake vizuri, huku ugwe umesagika. Utafiti wa seli shina unahusu ugwe. Mfupa hauna shida hiyo, unajua kujiunga wenyewe.

Kwa nini basi ugwe haujiungi?

Fikiria nyuzi ndefu sana, nyembamba sana, kila moja imevikwa ganda la mafuta liitwalo mayelini. Ganda hilo ndilo linaloufanya ujumbe wa ubongo uende mbio hadi kidole cha mguu. Ajali inapotokea, nyuzi nyingine hukatika palepale. Lakini nyingine hubaki nzima na kuvuliwa ganda lake katika siku zinazofuata, kwa uvimbe, kwa damu kukosa njia, kwa seli za mayelini kufa moja baada ya nyingine. Baada ya wiki kadhaa pale palipoumia panakuwa na kovu, na mara nyingi kifuko cha maji katikati.

Kwa miongo mingi madaktari waliamini kwamba nyuzi za ugwe haziwezi kuota tena, basi. Mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo, kule Montreal, Kanada, wakachukua kipande cha neva ya mguuni kwa panya wakakifanya daraja la kuingilia kwenye ugwe. Nyuzi za ugwe zikaota ndani ya daraja hilo, sentimita kadhaa. Zilipofika mwisho wa daraja na kukutana tena na ugwe, zikasimama. Maana yake nyuzi zina uwezo wa kuota, ila mazingira ya ugwe wenyewe yanazizuia. Martin Schwab wa Zurich baadaye akaonyesha kwamba sehemu ya kizuizi hicho imo ndani ya mayelini yenyewe. Kwa hiyo atakayetaka kutibu ugwe ana kazi zaidi ya moja: kuvika ganda nyuzi zilizovuliwa, kuotesha zilizokatika, kupita kwenye kovu. Mtu akikwambia sindano moja inamaliza zote, muulize imemaliza ipi.

Seli shina ni nini?

Ni seli ambayo bado haijaamua itakuwa nani. Inaweza kujizalisha, na ikipewa maelekezo inaweza kugeuka kuwa seli ya kazi fulani, kama moyo, neva au damu.

Si zote zinafanana, na wauzaji wanapenda sana kuzichanganya. Zile za uboho na za mafuta ya tumboni huchukuliwa kwa mgonjwa mwenyewe, na uwezo wake una mipaka. Zile za kiinitete, yaani mimba changa ya siku chache tu, zinaweza kuwa seli yoyote ya mwili. James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin ndiye aliyefanikiwa kuzitenga kwa binadamu mwaka 1998, kutoka viinitete vilivyobaki kwenye kliniki za uzazi na kutolewa na wenyewe. Ukoo mmoja wa seli alizozipata uliitwa H1. Likumbuke jina hilo, linarudi chini. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto akaonyesha kwa panya kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa utotoni kwa kuiongezea jeni nne, na mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Hizo huitwa seli za iPS.

Ni kweli kuna panya waliopooza wakatembea?

Ni kweli kwamba walitembea vizuri zaidi, na jibu hili lina nusu ya pili ambayo haisambai kwenye video.

Hans Keirstead na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walizigeuza seli za kiinitete cha binadamu kuwa seli changa zinazotengeneza mayelini. Mwaka 2005 wakachapisha matokeo. Panya waliochomwa seli hizo siku 7 baada ya kuumizwa walivikwa upya mayelini na mwendo wao ukawa bora kuliko wa wenzao. Panya waliochomwa miezi 10 baada ya kuumia hawakupata kitu. Seli zilikaa mle ndani, ziliishi, zilifikia hata kuwa seli za mayelini, ila hazikuvika nyuzi ganda na mwendo wao haukubadilika.

Utafiti ule ule, maabara ile ile, seli zile zile. Siku 7, ndiyo. Miezi 10, hapana. Mimi nikiulizwa kitu kimoja tu cha kukumbuka katika ukurasa huu, ni panya wa kundi la pili.

Binadamu wa kwanza alichomwa lini, na alichomwa nini?

Oktoba 2010, katika hospitali ya Shepherd Center, Atlanta. Kampuni iliyokuwa nyuma ya jaribio iliitwa Geron, ya Menlo Park, California. Ilikuwa imepeleka kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, maombi ya kurasa zaidi ya 20,000. Ruhusa ilitoka Januari 2009, ikasitishwa Agosti mwaka huo huo kwa sababu vifuko vidogo vya maji vilikuwa vimeonekana kwa baadhi ya wanyama, ikarudishwa Julai 2010 baada ya vipimo vingine.

Aliyeruhusiwa kuingia ni mtu aliyeumia sehemu ya kifua, amepooza kabisa chini ya hapo, na ana kati ya siku 7 na 14 tangu aumie. Panya wameshakwambia kwa nini. Kwa nini kifuani na si shingoni? Kwa sababu ya hofu. Ugwe wa shingo ndio unaoendesha mikono na pumzi. Kosa likitokea pale mtu anapoteza alivyobakiwa navyo. Kwenye kifua kosa lina bei nafuu zaidi.

Daktari wa upasuaji alifungua mgongo, akafunga kwenye meza chombo maalumu cha kushikilia sindano isitikisike hata kidogo, akaingiza seli milioni 2. Idadi hiyo inasikika kubwa. Ujazo wake ulikuwa mikrolita 50, yaani kama tone moja la maji. Zote zilikuwa uzao wa H1, ule ukoo wa Wisconsin wa 1998. Kwa kuwa ni seli za mtu mwingine, mgonjwa alimeza dawa za kushusha kinga kwa miezi miwili hivi, kisha zikaachishwa.

Walitembea?

Hapana.

Waliochomwa walikuwa watano. Hakuna aliyetembea, na mabadiliko ya neva yalikuwa madogo au hayakuwapo. Lakini, na hapa ndipo ninapogombana na magazeti, jaribio halikuwa linauliza kama watatembea. Lilikuwa jaribio la awamu ya kwanza. Swali lake lilikuwa: tukiweka seli za kiinitete ndani ya ugwe wa mtu, je, zitamdhuru? Zitaota uvimbe? Zitampandisha maumivu? Dozi yenyewe ilikuwa ya chini kwa makusudi, na watu walikuwa wachache kwa makusudi.

Wagonjwa waliambiwa hivyo, wakasaini. Dunia ikasikia kingine.

Mbona kampuni iliacha kama ilikuwa salama?

Pesa. Novemba 2011 Geron ilitangaza kwamba inaachana na seli shina na kuelekeza nguvu kwenye dawa za saratani. Seli, nyaraka na haki zake zilikaa kabatini hadi 2013 zilipochukuliwa na kampuni nyingine ya California, Asterias, na 2019 zikahamia tena kwa kampuni ambayo sasa inaitwa Lineage. Ukiona jina OPC1, ni seli zile zile.

Daktari ameandika "ASIA A". Maana yake nini?

Hiki ndicho kipimo cha utafiti wote huu, kwa hiyo nitakieleza kama ninavyokiona mezani.

Mgonjwa analala chali, macho amefumba. Unachukua pamba na pini. Unaanza shavuni, mahali ambapo unajua anahisi, unamwambia, "Hii ndiyo kawaida yako." Kisha unashuka: bega, mkono, kifua, kitovu, paja, unyayo. Sehemu 28 kila upande, mara mbili, kwa pamba na kwa pini. Unamuuliza kama ni sawa na shavuni, au imefifia, au hakuna kitu. Anaweza kuhisi pamba na asitofautishe ncha ya pini na kichwa chake. Halafu misuli 10 kila upande, unaipa alama 0 hadi 5. Mwisho kabisa, na hapa ndipo mzee mzima anakuomba mkewe atoke nje, unaingiza kidole chenye glavu njia ya haja kubwa na kumuuliza kama anahisi kitu, kama anaweza kukibana.

Kidole hicho ndicho kinachoamua. Asipohisi chochote pale na asipoweza kubana, ni A: jeraha kamili. Akihisi lakini misuli ya chini haifanyi kazi, ni B. Misuli ikicheza kwa udhaifu ni C, ikiwa na nguvu za kufaa ni D, na E ni mzima. Ndiyo maana habari kwamba mtu "amepanda kutoka A hadi B" ni habari ya kweli, na wakati huo huo haimaanishi kwamba ameinua hata kidole cha mguu.

Nimesoma kwamba asilimia 96 walipata nafuu. Huo si ushahidi?

Huo ni utafiti wa pili wa seli zile zile, uliofanywa na Asterias kuanzia 2015. Safari hii walikubali kuingia shingoni, watu 25, dozi ikipandishwa kutoka seli milioni 2 hadi 10 hadi 20. Baada ya mwaka, 21 kati ya 22 waliohesabiwa walikuwa wamepata angalau ngazi moja ya neva upande mmoja wa mwili. Saba kati ya 22 walipata ngazi mbili au zaidi.

Ngazi moja shingoni usiidharau. Mwenye C6, yaani ambaye neva zake zinafanya kazi hadi ngazi ya sita ya shingo, anainua kiganja lakini hawezi kunyoosha kiwiko. Akipata C7 kiwiko kinanyooka, na mtu anayenyoosha kiwiko anaweza kujisukuma kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kubebwa na shemeji.

Shida ni hii: hakukuwa na kundi linganishi. Watu wote walichomwa. Na walioumia shingoni wengi hupata ngazi moja katika mwaka wa kwanza hata wasipochomwa kitu, kwa sababu uvimbe unapungua na neva zilizozimia zinaamka. Kila mwaka tunawaona, kwa mazoezi tu na vyakula vya kwao. Kwa hiyo 21 kati ya 22 inaweza kuwa ni seli, inaweza kuwa ni siku, inaweza kuwa ni vyote. Jaribio lenyewe halikuwa na njia ya kutenganisha.

Na Wajapani? Wao si wamefaulu?

Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, kikiongozwa na Hideyuki Okano na Masaya Nakamura, kilimchoma mgonjwa wa kwanza Desemba 2021 kwa seli zilizotoka kwenye iPS. Watu wanne tu, wote wa daraja A, wote kati ya siku 14 na 28 tangu waumie, seli milioni 2 kila mmoja. Machi 2025 walitangaza matokeo: mmoja alifika D na kuweza kusimama, mmoja alifika C, wawili walibaki A. Madhara makubwa hayakuonekana. Ni matokeo mazuri kuliko ya Geron, nami niliyasoma mara mbili kwa furaha. Bado ni watu wanne.

Japani hiyo hiyo iliruhusu mwaka 2018, kwa masharti, tiba nyingine iitwayo Stemirac, inayotumia seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Ruhusa ilitokana na wagonjwa 13 bila kundi linganishi, na wanasayansi wengi wa nje walilalamika waziwazi kwamba ilikuwa mapema mno.

Kama hazisaidii, si hazidhuru pia? Tujaribu tu.

Hapana, dada. Kuna mwanamke Mmarekani aliyekwenda Lisbon, Ureno, akiwa na jeraha la miaka mitatu. Walichukua tishu ya ndani ya pua yake mwenyewe wakaipandikiza kwenye ugwe, kwa kuwa pua ina seli za fahamu zinazojirudishia maisha yote. Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Miaka 8 baadaye akaanza kuumwa mgongo. Madaktari walipofungua walikuta uvimbe wenye vifuko vilivyojaa ute mzito kama kamasi. Seli za pua zilikuwa zimekaa ndani ya ugwe zikifanya kazi ya pua. Kisa hicho kilichapishwa mwaka 2014.

Ndugu yangu aliumia miaka sita iliyopita. Hospitali moja India inatutaka tulete dola elfu kadhaa.

Hili ndilo swali linalonikosesha usingizi, kwa sababu huja wakati shamba limeshapata mnunuzi.

Rudi kwa panya wa miezi 10. Majaribio yote makubwa niliyoyataja ya seli za kiinitete na iPS yalichukua watu wenye siku au wiki tangu waumie. Yapo yaliyogusa majeraha ya zamani. Kampuni ya StemCells Inc. ilijaribu kwa seli za neva, na mwaka 2016 ikasimamisha kwa sababu nafuu iliyoonekana haikutosha. Kliniki ya Mayo, Marekani, ilitumia seli za mafuta kwa watu 10, wengine wakiwa na mwaka tangu waumie, na saba walipanda angalau daraja moja. Mayo wenyewe waliliita jaribio la usalama.

Kuhusu India: miongozo ya taifa lao ya mwaka 2017 inasema wazi kwamba seli shina zimekubalika kama tiba kwa magonjwa ya damu na jamii yake, kwa kupandikiza uboho. Mengine yote, ugwe ukiwamo, ni ya utafiti. Wanaokuuzia kama tiba wanapita pembeni ya sheria ya kwao wenyewe. Waulize jambo moja: jaribio lenu limesajiliwa wapi, kwa namba gani? Halafu waulize kwa nini unalipa. Katika majaribio ya Atlanta na Tokyo mgonjwa hakununua seli. Kijana mmoja niliyemhudumia alirudi kutoka safari kama hiyo, si India, na kidonda cha makalio kilichofika mfupani kwa sababu ya saa za ndege na viti vya kusubiria. Kukifunga ilichukua miezi saba. Familia haikupata kujua alichomwa seli gani. Karatasi iliandikwa "stem cells" na sahihi.

Kutumia kiinitete si dhambi?

Muulize kiongozi wako wa dini, nami nitakupa mipaka tu. Kanisa Katoliki linapinga kwa kuwa kiinitete kinaharibiwa. Wanazuoni wengi wa Kiislamu hutazama wakati wa kupuliziwa roho, siku 120 kwa kauli mashuhuri, na wengi wao wameruhusu viinitete vilivyobaki kliniki. Huko Marekani Rais Bush alibana fedha za serikali Agosti 2001 na Obama akafungua Machi 2009. Katikati, Novemba 2004, wapiga kura wa California waliidhinisha dola bilioni 3 za utafiti huu. Christopher Reeve, yule mwigizaji wa Superman aliyeanguka farasi mwaka 1995 akapooza, ndiye aliyeupigia debe kuliko mtu yeyote, na alifariki mwezi mmoja kabla ya kura.

Seli za iPS hazihitaji kiinitete.

Tufanye nini wakati tunasubiri?

Mgeuze kila saa mbili. Angalia ngozi ya makalio na visigino kila asubuhi, kwa kioo akiwa peke yake. Mpira wa mkojo wa kuingiza na kutoa, kwa mikono iliyooshwa, ni bora kuliko ule wa kukaa mwezi mzima. Nyoosha vidole, viwiko, vifundo vya miguu, kila siku. Kiungo kilichokaza kwa miaka mitano hakitafunguka hata neva ikiamka, na mwenye kidonda au maambukizi hapokelewi kwenye jaribio lolote la maana.

Wale watano wa mwanzo wako wapi?

Walipochomwa walikubali kufuatiliwa kwa miaka 15. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya miaka 10: wote watano walikuwa hai, picha za MRI hazikuonyesha uvimbe, na hakukuwa na madhara makubwa yaliyotokana na seli. Wote bado walikuwa wanatumia kiti cha magurudumu. Hofu ya mwaka 2009, ile ya vifuko vya maji, haikutimia kwa hata mmoja wao. Ni kwa matokeo ya awali ya hawa watano ndipo FDA ilipokubali sindano iingie shingoni.